Vichwa Visivyozama: Jinsi Lahajedwali Inavyogandisha Mistari na Safu

Fungua lahajedwali ya chama cha akiba na mikopo chenye wanachama mia mbili. Teremka hadi mstari wa 140, kisha sogea kulia hadi safu ya X. Utakuta namba 15000. Ni akiba ya mwezi? Ni rejesho la mkopo? Ni faini ya kuchelewesha rejesho? Na ni ya nani? Kichwa cha safu kimebaki juu kabisa, jina la mwanachama limebaki kushoto kabisa, na vyote viwili vimeshatoka kwenye skrini. Mhasibu atapanda juu kusoma kichwa, atateremka tena akifuata mstari kwa kidole, na ipo siku kidole kitateleza. Hapo fedha ya mwanachama mmoja huandikwa kwenye jina la mwingine, na kosa la namna hiyo huweza kukaa miezi bila kuonekana, kwa sababu jumla ya chini bado inalingana.

Dawa yake inajulikana, na wafanyakazi wengi wa ofisini wanajua kitufe chake kilipo: kugandisha mstari wa vichwa usisogee wakati data inasogea. Ninachotaka kuchambua ni namna jambo hili lilivyotengenezwa, kwa sababu karibu malalamiko yote ninayoyasikia kuhusu kugandisha yanatokana na kutolijua hilo. Watu hudhani wameigandisha data. Walichogandisha ni dirisha la kutazamia data, na hivyo ni vitu viwili vilivyo mbalimbali hata ndani ya faili lenyewe.

Tatizo ni kongwe sawa na lahajedwali za kompyuta. VisiCalc, programu ya Dan Bricklin na Bob Frankston iliyotoka mwaka 1979 kwa kompyuta ya Apple II, ilikuwa na mistari 254 na safu 63, yaani seli 16,002. Skrini ya Apple II iliingiza herufi 40 kwa upana na mistari 24 kwa urefu. Ondoa mistari michache ya juu iliyotumiwa na programu yenyewe, weka safu zenye upana wa kawaida wa herufi tisa, unabaki na safu 4 na mistari ipatayo 20. Mtumiaji aliona seli 80 kwa wakati mmoja, moja katika kila mia mbili. Hakuna aliyeweza kufanya kazi hivyo kwa muda mrefu bila kupotea, na Bricklin na Frankston waliliona hilo tangu mwanzo. Waliweka amri iliyoanza kwa alama ya mkwaju na herufi T, ikifuatiwa na H kwa vichwa vya juu, V kwa vya pembeni, B kwa vyote viwili, na N kwa kuviondoa. Pembeni yake kulikuwa na amri nyingine ya kugawa skrini vipande viwili, na ndani yake chaguo la kuvifanya vipande hivyo visogee pamoja au kila kimoja kivyake.

Ukiziweka amri hizo mbili kando kwa kando, unaona kwamba kugandisha ni mtoto wa kugawa. Chukua skrini, ikate vipande, viamuru visogee pamoja upande mmoja, kisha kizuie kimoja kisisogee upande wa pili. Mengine yote yaliyofuata ni kulainisha wazo hilo.

Lotus 1-2-3 ya mwaka 1983 ililirithi karibu jinsi lilivyo, chini ya menyu ya Worksheet na amri ya Titles. Lakini ilikuwa na tabia inayofichua jinsi mashine ilivyofanya kazi. Vichwa vikishagandishwa, mishale ya kibodi haikuweza kuingia ndani yake. Ukitaka kusahihisha kichwa, ulibonyeza F5 kwenda moja kwa moja kwenye seli hiyo, na hapo skrini ilikuonyesha vichwa mara mbili: vile vilivyogandishwa, na chini yake vichwa hivyohivyo tena, safari hii vikiwa seli za kawaida unazoweza kuandika. Wengi walishtuka wakidhani wamenakili mstari. Hapakuwa na nakala yoyote. Mstari ulikuwa mmoja kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Skrini iliuchora sehemu mbili.

Hivyo ndivyo inavyokwenda mpaka leo. Ukigandisha mstari wa juu na safu ya kushoto, programu huigawa skrini mistatili minne. Ule wa pembe ya juu kushoto hausogei kabisa. Wa juu kulia husogea kushoto na kulia tu, na huwa sawasawa na data iliyo chini yake. Wa chini kushoto hupanda na kushuka tu. Wa nne, mkubwa, husogea pande zote. Ifikirie kanga: mistatili mitatu ni pindo na wa nne ni mji, isipokuwa hapa mji unatembea chini ya pindo, na pindo linaufuata kwa upande mmoja ili jina lisiachane na namba yake. Programu inachohitaji kukumbuka ni mambo machache tu: pindo lina mistari mingapi, lina safu ngapi, na mji umefika wapi. Ndiyo maana kugandisha hakulifanyi faili kuwa zito, iwe una mistari mia au unakaribia kikomo cha Excel ya sasa, ambacho ni mistari 1,048,576 na safu 16,384.

Katika Excel amri hii ilikaa kwenye menyu ya Window hadi toleo la 2003. Kuanzia toleo la 2007 ikahamia kichupo cha View, ikaongezewa njia mbili za mkato: Freeze Top Row kwa mstari wa juu pekee, na Freeze First Column kwa safu ya kwanza pekee. Njia hizo ni rahisi na ndizo zinazofundishwa zaidi, lakini zina upungufu ambao wengi huugundua wakiwa katikati ya kazi: hazijumlishwi. Ukichagua ya pili baada ya ya kwanza, ya kwanza inaondoka. Anayetaka vichwa na majina kwa pamoja inabidi atumie amri mama, Freeze Panes, na hiyo huangalia umesimama seli gani. Kila kilicho juu ya seli hiyo na kila kilicho kushoto kwake kinagandishwa. Kwa lahajedwali yenye namba ya mwanachama kwenye safu A, jina kwenye safu B na vichwa kwenye mstari wa 1, simama C2, bonyeza Alt, kisha W, F, F. Ningemfundisha mtu njia hii moja tu na kuziacha zile za mkato, kwa sababu inamlazimu kujiuliza mapema pindo lake linaishia wapi.

Mtego mkubwa uko kwenye neno juu. Excel haigandishi kuanzia mstari wa 1. Inagandisha kuanzia mstari ulio juu kwenye skrini wakati unapotoa amri. Kama ulikuwa umeteremka kidogo na skrini inaanzia mstari wa 5, basi mstari wa 5 ndio unaoshika nafasi ya juu, na mistari minne ya kwanza inabaki nje ya dirisha bila njia ya kuifikia kwa kusogeza. Haijafutwa wala haijafichwa kwa amri ya kuficha, kwa hiyo ukijaribu kuifichua hakuna kinachobadilika. Nimeona watu wakiiandika upya mistari waliyodhani imepotea. Jambo linalowachanganya zaidi ni kwamba Ctrl na Home, vitufe ambavyo kwa kawaida hukurudisha A1, kukiwa na mgando hukupeleka kwenye seli ya kwanza ya mji. Kwa hiyo mpangilio ni huu: ondoa mgando kwanza, ndipo urudi A1 kwa Ctrl na Home, ndipo ugandishe tena.

Mtego huohuo, ukiutega mwenyewe kwa kujua, ni chombo. Mtu aliyepokea faili lenye mistari mitano ya nembo na jina la taasisi juu ya vichwa anaweza kuteremka kwa makusudi hadi vichwa viwe juu kabisa ya skrini, akagandisha mstari huo mmoja, na nembo ikabaki nje. Nafasi inaokolewa, lakini anayemfuata atadhani nembo imefutwa. Kwa faili la mtu mmoja ni sawa. Kwa faili la ofisi nzima singefanya bila kuwaambia wenzangu.

Anayetaka ushahidi kwamba mgando ni mali ya dirisha alifungue faili lenyewe. Faili la xlsx ni mafaili kadhaa ya maandishi yaliyobanwa pamoja. Ndani ya faili la kila ukurasa, data iko kwenye sehemu yake, na mgando uko kwenye sehemu nyingine kabisa, ile inayoeleza mtazamo wa ukurasa. Ni mstari mmoja: idadi ya safu zilizogandishwa, idadi ya mistari, seli ambayo mji unaanzia, na neno frozen. Ukigawa skrini bila kugandisha, namba zilezile hubadilika maana: badala ya kuhesabu mistari na safu, hupima umbali kwenye skrini, kwa kipimo cha sehemu moja ya ishirini ya pointi ya uchapaji. Muundo wa LibreOffice uko wazi zaidi. Data ya faili la ods inakaa kwenye faili la ndani liitwalo content.xml, na mgando unakaa kwenye settings.xml, pamoja na mambo kama ukubwa wa kukuza na mahali kielekezi kilipokuwa. Hata lugha ya VBA inayotumika kuiamuru Excel inasema hivyohivyo: mgando unaombwa kwenye dirisha linalotumika, hauombwi kwenye ukurasa. Na CSV, ambalo ni faili la data tupu lisilo na habari yoyote ya dirisha, haliwezi kubeba mgando hata kidogo. Anayehifadhi kazi yake kama CSV kisha akaifungua kesho yake atakuta umeondoka.

Ukishalishika hilo, maswali mengi yanajijibu. Kwa nini vichwa havionekani kwenye ukurasa wa pili wa karatasi iliyochapishwa? Kwa sababu printa haitazami dirisha. Printa ina amri yake, Print Titles, chini ya kichupo cha Page Layout, ambako unataja mistari ya kurudiwa juu ya kila karatasi. Ripoti ya kurasa kumi na mbili inayopelekwa kwenye mkutano mkuu wa wanachama ikiwa na vichwa kwenye ukurasa wa kwanza pekee ni kuwanyima watu haki ya kusoma hesabu zao. Waliokaa nyuma hupewa kurasa za namba zisizo na majina na kutakiwa wazikubali. Kwa nini mtu amefuta kichwa wakati kilikuwa kimegandishwa? Kwa sababu kugandisha hakufungi chochote. Kulinda seli ni kazi ya amri nyingine. Kwa nini mgando unaondoka ukihamia mwonekano wa kurasa? Kwa sababu huo ni mtazamo wa aina nyingine, na Excel hukuonya kabla ya kuhama kwamba viwili hivyo haviendi pamoja.

Na kupanga data? Hapa Excel na Google Sheets zinaachana, na ni tofauti inayostahili kuangaliwa kwa makini. Katika Excel, kugandisha mstari hakuiambii programu kwamba mstari huo ni vichwa. Ukipanga majina kwa alfabeti, inakisia yenyewe au inakutaka utie alama kwenye kisanduku kinachosema data ina vichwa. Ikikisia vibaya, neno "Jina" linaingia katikati ya wanachama, baada ya Jamila na kabla ya Juma. Google Sheets imeamua vingine: ukitumia amri ya kupanga ukurasa mzima, mistari iliyogandishwa inaachwa mahali pake. Maana yake ni kwamba huko mgando umevuka mpaka, umeanza kusema jambo kuhusu data. Naona ni uamuzi mzuri, kwa sababu unafuata nia ya mtumiaji: aliyegandisha mstari wa juu alikuwa tayari ametamka kwamba mstari ule si wa kawaida. Ila anayehama kutoka programu moja kwenda nyingine anahama na mazoea, na aliyezoea Sheets hufika kwenye Excel akiamini analindwa wakati halindwi.

Excel ina jibu lake la suala hilo, na kwangu ndilo jibu bora kuliko kugandisha: jedwali rasmi. Simama ndani ya data, bonyeza Ctrl na T, thibitisha kwamba ina vichwa. Kuanzia hapo programu inajua mstari gani ni vichwa na ipi ni data. Unapoteremka, vichwa vinapanda na kukaa mahali pa herufi za safu. Palipokuwa A, B, C panasomeka Namba, Jina, Akiba. Hakuna mstari wa skrini unaopotea, kwa kuwa nafasi ya herufi ilikuwepo tayari. Kupanga na kuchuja hakuvigusi vichwa. Kuna masharti: kielekezi kiwe ndani ya jedwali, vinginevyo herufi zinarudi, vichwa viwe mstari mmoja tu, na kila kichwa kiwe na jina lake, maana ukiwa na safu mbili zinazoitwa Jumla, ya pili itabadilishwa kuwa Jumla2. Safu ya majina upande wa kushoto jedwali haliishiki, kwa hiyo hiyo bado utaigandisha.

Masharti hayo ndiyo yanayokwaruzana na desturi yetu ya kuandaa orodha. Lahajedwali nyingi za ofisi, shule na vyama katika Afrika Mashariki huanza na nembo, kisha jina la taasisi kwa herufi kubwa, kisha sanduku la posta, kisha "Orodha ya...", kisha vichwa vya ngazi mbili: "Robo ya Kwanza" iliyounganishwa juu ya safu tatu, na chini yake Januari, Februari, Machi. Ni mpangilio wa barua rasmi uliohamishiwa kwenye chombo ambacho si barua. Ukigandisha mistari yote hiyo, nusu ya skrini ya kompyuta ndogo imeliwa na pindo. Seli zilizounganishwa kuvuka mpaka wa mgando hukatwa ukisogea kulia, na kichwa "Robo ya Kwanza" hubaki kipande. Jedwali rasmi halikubali seli zilizounganishwa. Nembo na jina la taasisi mahali pake ni kwenye kichwa cha ukurasa wa kuchapisha, ambako zitatokea kwenye kila karatasi bila kukaa kwenye seli hata moja. Ngazi mbili za vichwa zinaweza kuwa moja: "R1 Januari", "R1 Februari". Haipendezi macho sana, lakini inasomeka ukiwa mstari wa 140.

Simu imelifanya suala hili kuwa zito zaidi. Wanachama wengi hulifungua faili la chama kwenye simu, wala si kwenye kompyuta ya ofisi. Mgando uliowekwa na katibu kwenye skrini pana unahifadhiwa ndani ya faili na kuwafikia wote. Safu mbili zilizogandishwa, ya pili ikiwa na majina matatu ya kila mtu kwa upana wa kutosha, zinaweza kuijaza skrini ya simu nzima. Hapo mji hauna pa kupita: unasogeza kidole na hakuna kinachobadilika, na mtu anaamini faili limeharibika. Kipimo ninachokipendekeza ni kwamba pindo lisizidi theluthi moja ya skrini ndogo kabisa itakayotumika. Punguza upana wa safu ya majina, ruhusu maandishi yashuke mstari wa pili ndani ya seli, au gandisha namba ya mwanachama peke yake ikiwa kila mmoja anaijua yake.

Limebaki kundi moja, nalo lina uwezo kuliko watumiaji wote: wanaoandika mifumo inayotoa ripoti. Mfumo wa malipo, wa matokeo ya mitihani au wa stoo hutoa faili la Excel lenye maelfu ya mistari, na mara nyingi hulitoa tupu, bila mgando wala vichwa vya kuchapisha. Kila anayelipokea, katika kila tawi, kila mwezi, anaanza kwa kutengeneza kitu kilekile. Kwa anayetumia Python na maktaba ya openpyxl, kazi hiyo ni mistari miwili ya msimbo: ws.freeze_panes = "C2" kwa ajili ya dirisha, na ws.print_title_rows = "1:1" kwa ajili ya printa. Kama mfumo unatoa CSV peke yake, mistari hiyo haina pa kukaa, na hiyo ni sababu tosha ya kuongeza kitufe cha xlsx pembeni yake.